Mche Usio na Jina Kitaluni

Chini ya mchungwa wowote wa zamani, uwe wa Muheza, Matombo au Kilifi, hakukosi mche ambao hakuna aliyeupanda. Tunda lilianguka likaoza, mbegu zikashika udongo wenye unyevu, na mvua zilipokolea majani mawili yakachomoza. Mingine huota nyuma ya kibanda cha muuza juisi, kwenye jalala la soko, au ndani ya kopo ambalo mtoto alifukia mbegu akasahau. Mwenye shamba huing'oa kwa uangalifu, akaitia kwenye viriba, kisha akaanza kuuliza: huu ni wa nini? Jirani wa kwanza atamwambia ni mlimau, kwa kuwa una miiba. Wa pili atamwambia autupe, maana mche wa mbegu hauzai cha maana.

Majibu yote mawili nimeyasikia mara nyingi, na yote mawili hayafai. Mche mdogo wa jamii ya michungwa unasema mengi kuliko wengi wanavyodhani, ila unayasema kwa mpangilio wake. Mapema kabisa utakuonyesha kundi lake: ni mchungwa, mchenza, mlimau, mndimu, mdanzi, mbalungi au mfurungu. Jina la aina ndani ya kundi hilo, kama Valencia au Msasa, halimo kwenye jani hata kidogo, na anayedai analisoma pale anakisia. Na mahali ambapo utambuzi huu una thamani kuliko kwingine kote ni kitaluni, kabla mche haujabebeshwa, kwa sababu baada ya hapo kosa huzikwa ardhini na kukaa humo miaka mingi.

Tuanze na mbegu, maana humo ndimo lilimo jambo linaloitenga jamii hii na miti mingi ya matunda. Chukua mbegu mbichi ya limau lile la ganda nene lenye vinundu, lile linalooteshwa kwa ajili ya kubebeshea. Livue ganda gumu la nje kwa ukucha, kisha menya ngozi nyembamba ya kahawia iliyo chini yake. Hukuti pande mbili zilizolingana kama za punje ya haragwe. Unakuta vipande kadhaa vilivyobanana, kimoja kikubwa, vingine vidogo vilivyojikunja kujaza kila upenyo, na kwenye ncha ya mbegu vingine vidogo zaidi ambavyo huvioni mpaka uviguse kwa sindano. Kila kimoja kati ya hivyo ni kiinitete kamili, na kinaweza kuwa mti. Ndiyo maana shimo moja ulilotia mbegu moja hutoa miche miwili, mitatu, hata zaidi.

Mholanzi Leeuwenhoek, aliyetumia darubini za kujitengenezea mwenyewe, aliandika mwaka 1719 kwamba ameona viinitete viwili ndani ya mbegu moja ya mchungwa. Ilichukua zaidi ya karne moja na nusu kueleza vinatoka wapi. Mwaka 1878 mtaalamu wa mimea Eduard Strasburger alionyesha kwamba kimoja tu ndicho kinachotokana na chavua kukutana na yai. Vingine huchipuka kutoka kwenye tishu ya mama mwenyewe inayozunguka mahali hapo, tishu inayoitwa nusela, bila baba kuhusika. Miche inayotokana na viinitete hivyo ni mama yule yule aliyerudiwa: tunda lile lile, ladha ile ile, jani lile lile.

Kwa hiyo mkulima anayesema mche wa mbegu unaweza kumzalia tunda sawasawa na la mti mama hasemi ndoto. Inategemea mama ni nani. Limau la kubebeshea, danzi na balungi hutoa miche mingi mno inayomrudia mama. Kwa limau hilo mara nyingi ni zaidi ya asilimia 90. Michungwa mitamu na ndimu zetu ndogo za pwani nazo zimo katika kundi hilo, ndiyo sababu ndimu iliweza kusambazwa kwa mbegu katika nchi nyingi za joto na bado ikabaki ndimu. Machenza yamegawanyika: mengi humrudia mama, machache kamwe. Furungu liko upande wa pili kabisa. Mbegu yake ina kiinitete kimoja tu, na hicho kina baba. Ukipanda mbegu kumi za furungu tamu, umepata watoto kumi tofauti, na hakuna hata mmoja aliye mama yake. Mwaka 2017 watafiti wa China walionyesha kwamba tofauti hii inahusiana na jeni waliyoipa jina CitRWP, ambayo kwenye aina zenye viinitete vingi imeingiliwa na kipande kidogo cha vinasaba. Kwa mwenye kitalu habari hiyo ina faida moja: hali hii ni ya kurithi na inatabirika, haitokani na udongo wala mwezi wa kupanda.

Hivyo swali la kwanza la kumuuliza aliyeleta mche ni kuhusu tunda ambamo mbegu ilitoka. Akilikumbuka tunda, kazi iko nusu. Mbegu ya chungwa tamu ikitoa miche mitatu kwenye shimo moja, karibu yote mitatu ni michungwa ya aina ya mama. Mmoja unaweza kuwa wa chavua, na mara nyingi ndio ulio dhaifu, kwa kuwa kiinitete chake hukaa kwenye ncha ya mbegu na husongwa na vingine. Nasema mara nyingi, si kila mara. Kuna wa chavua wanaowashinda wenzao nguvu, na kuna mbegu ambamo mche pekee uliotoka ni wa nusela. Udogo wa mche ni sababu ya kuutazama tena, hautoshi kuuhukumu.

Upo pia ushahidi wa kukataa. Ndimu kubwa ya Tahiti ina seti tatu za kromosomu badala ya mbili, na karibu haitoi mbegu. Chungwa la kitovu, lile la Washington, chavua yake haizai na tunda lake kwa kawaida halina mbegu. Pixie, machenza madogo matamu yaliyowapa wakulima wa Makueni soko zuri, nayo karibu haina mbegu kabisa. Anayekuuzia mche akisema ameuotesha kutokana na mbegu ya pixie, ana maswali ya kujibu kabla hujatoa pesa.

Hapa kuna imani tatu zinazohitaji kuondolewa, kwa sababu zinapotosha utambuzi kabla haujaanza.

Ya kwanza ni kwamba mbegu ya chungwa lililozaliwa na mti uliobebeshwa juu ya mlimau itaota mlimau. Haiwezi. Mzizi hulisha tawi, hauliingizii vinasaba vyake. Mbegu iliyo ndani ya chungwa ni ya sehemu ya juu tu. Imani hii ina chanzo cha kweli, lakini kimeeleweka vibaya: machipukizi yanayotoka chini ya kiungo cha kubebesha ni ya mlimau, na yasipokatwa hukua kwa kasi, huufunika mchungwa, na baada ya miaka michache mti unazaa malimau. Mwenye shamba husema mti wake umegeuka. Haukugeuka, umeshindwa nguvu na mzizi wake. Ukikutana na mti wa namna hiyo, fuata tawi lenye malimau hadi linapoanzia. Utalikuta limetoka chini ya kile kinundu au mpindo kwenye shina. Hii ni muhimu kwa anayeokota miche chini ya mti, kwa sababu chini ya mti mmoja kunaweza kuwa na mbegu za machungwa na za malimau pamoja.

Ya pili ni kwamba mchungwa uliopandwa jirani na mlimau utazaa machungwa makali. Chavua ya jirani inaweza kuongeza idadi ya mbegu na kuingia ndani ya baadhi yake, lakini haibadilishi maji ya tunda. Chungwa likiwa kali, tafuta sababu kwenye aina, kwenye mzizi, au kwenye pupa ya kuvuna kabla ya wakati.

Ya tatu ndiyo ya yule jirani wa miiba. Mche wowote wa jamii hii ulioota kwa mbegu huwa na miiba, mchungwa mtamu ukiwemo, na miiba ya mchungwa mchanga huweza kuwa mirefu na minene kuliko ya mlimau. Miiba ni dalili ya utoto. Mti ukipanda juu na kukomaa, matawi ya juu huanza kuipunguza, ndiyo maana miti iliyobebeshwa, ambayo macho yake hutoka kwenye matawi yaliyokwisha kuzaa, huwa laini mkononi. Mwiba unakwambia umri wa mche, haukwambii ukoo wake.

Sasa jani. Kwanza hakikisha kwamba mche ni wa jamii hii kweli: liinue jani dhidi ya jua, utaona vitone vidogo vinavyopitisha mwanga vimetapakaa bapa zima. Hizo ni tezi za mafuta. Kisha acha majani ya mwanzo. Yale mawili ya kwanza yanayoota yakitazamana hayana sura ya ukoo, karibu yote yanafanana. Subiri mche uwe na majani kumi au zaidi, na utazame yale yaliyokomaa katikati ya shina, usitazame yale machanga ya juu wala yale ya kivulini yaliyopanuka kwa kutafuta mwanga. Na usitambue mche mgonjwa. Upungufu wa madini ya zinki huyafanya majani kuwa madogo, membamba, yenye manjano kati ya mishipa, na mche mmoja ule ule ukaonekana wa ukoo mwingine. Ulishe kwanza, kisha usome majani mapya.

Alama kubwa iko kwenye kikonyo, mahali ambapo wengi hawatazami. Pande mbili za kikonyo cha jani zinaweza kuwa na mabawa, yaani kijani kilichopanuka kama jani dogo chini ya jani kubwa. Mfurungu una mabawa mapana kuliko wote tunaowajua shambani, yenye umbo la moyo, na ukipitisha kidole kwenye kijiti kichanga na upande wa chini wa jani unahisi vinyweleo. Mbalungi una mabawa mapana pia, lakini ngozi yake ni laini, na hilo linaeleweka kwa sababu balungi ni mtoto wa furungu na chungwa tamu, aliyezaliwa visiwa vya Karibi katika karne ya 18. Mdanzi una kikonyo kirefu chenye mabawa ya wastani yanayopanuka kuelekea juu. Mchungwa mtamu una mabawa membamba, yanaonekana lakini hayajitokezi. Mchenza una jani jembamba lililochongoka na mabawa ya kutafuta kwa macho. Mndimu una majani madogo ya yai, ncha butu, mabawa membamba yanayoonekana wazi kwa udogo wa jani lenyewe. Mlimau karibu hauna. Ukikuta kikonyo kilichopanuka hadi kukaribia ukubwa wa jani, kama majani mawili yaliyounganishwa ncha kwa ncha, hiyo ni ndimu ya Asia ya Kusini-Mashariki ambayo majani yake hutiwa kwenye mchuzi, na wanasayansi huiita Citrus hystrix.

Jaribu pia kulivuta bapa la jani kwa upole ukiwa umeshika kikonyo. Kwa karibu ndugu wote pana kiungo pale vinapokutana, na jani hukatika hapo hapo kwa usafi. Sitroni, lile tunda la kale lenye ganda nene kuliko nyama yake, haina kiungo hicho. Jani lake ni kipande kimoja tangu ncha hadi shina.

Baada ya kikonyo, tumia pua. Sugua jani lililokomaa kati ya vidole, nusa, pumzika, kisha sugua la mti unaoujua. Mlimau na sitroni hutoa harufu ya limau lenyewe. Ndimu ni kali zaidi na huingia puani haraka. Mdanzi una harufu ya manukato, karibu na ya maua yake. Mchenza una utamu wake mzito ambao mtu akishaujua hausahau. Mchungwa mtamu ni mpole, na mfurungu ni hafifu zaidi. Maneno hayatoshi kufundisha harufu, kwa hiyo pendekezo langu kwa kila kitalu ni kuwa na mti mmoja uliothibitishwa wa kila kundi, uwe kumbukumbu ya pua na macho. Rangi ya chipukizi nayo husaidia: milimau na sitroni huchipua majani machanga yenye wekundu wa zambarau, na vichwa vya maua yao huwa na rangi hiyo hiyo, wakati michungwa, midanzi na mibalungi huchipua kijani.

Kama mbegu za tunda lile lile bado zipo, pasua moja. Nyama ya mbegu ya chenza kwa kawaida ni ya kijani. Ya chungwa, danzi, balungi na furungu ni nyeupe au rangi ya maziwa. Mbegu kubwa bapa yenye mikunjo na kingo ni ya furungu. Lakini usitumie rangi ya ganda la tunda kama ushahidi kwa matunda ya pwani. Chungwa la Muheza huiva likiwa kijani kwa sababu usiku wa huko haupoi vya kutosha kuivunja rangi ya kijani ya ganda, na tunda lile lile likizaliwa mahali penye usiku wa baridi lingekuwa la rangi ya chungwa kabisa.

Alama hizi zinafanya kazi kwa sababu ya ukoo wenyewe. Uchambuzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba karibu kila tunda la jamii hii tunalokula ni mchanganyiko wa mababu wachache, na wakubwa wao ni furungu, sitroni na chenza wa porini, walioanzia kwenye miinuko ya chini ya kusini-mashariki mwa milima ya Himalaya. Chungwa na danzi, kila moja kwa njia yake, ni mchanganyiko wa furungu na chenza. Limau la kawaida ni mtoto wa danzi na sitroni. Limau la kubebeshea ni la chenza na sitroni. Kwa hiyo kwa matunda hayo bawa la kikonyo ni kipimo cha damu ya furungu, na wekundu wa chipukizi pamoja na harufu ya limau ni alama za sitroni. Ukishaijua hesabu hiyo, hata mche chotara usio na jina unaweza kuusoma na kusema umechukua nini kwa nani.

Yote hayo yanavutia, lakini ni kitaluni ambapo kukosea kunaumiza. Kitalu kinachootesha malimau kwa ajili ya kubebeshea machungwa kinahitaji miche inayofanana, kwa sababu mizizi inayofanana ndiyo inayotoa shamba linalozaa kwa usawa. Mbegu za limau hilo humrudia mama vizuri, ila zile chache za chavua huota katikati ya wenzao, na tena mbegu hununuliwa sokoni, ambako malimau, madanzi na hata machungwa makali huchanganyika kwenye gunia moja. Fundi akishapachika jicho, majani ya chini hukatwa. Ushahidi wote wa mzizi umeondoka. Mkulima ananunua Valencia kwa jina, na ni Valencia kweli kuanzia kiungo kwenda juu. Kilicho chini yeye hakijui, na muuzaji naye amesahau.

Mzizi ukiwa wa danzi kuna hatari inayojulikana duniani kote. Danzi ni mti mzuri kwa namna yake: huvumilia udongo mzito na huhimili ule ugonjwa wa kuoza shingo ya mti na kutoa utomvu, ambao mlimau unauogopa. Kwa sababu hiyo mataifa mengi yalibebesha machungwa juu ya danzi. Lakini virusi vya tristeza, vinavyoenezwa na vidukari, hasa kile cheusi kiitwacho Toxoptera citricida, huua mishipa ya chakula pale chungwa tamu linapokutana na shina la danzi. Mzizi hufa njaa, na mti wa juu hufuata. Afrika Kusini wakulima waliona muungano huo ukishindwa tangu mwishoni mwa karne ya 19 bila kujua sababu. Argentina na Brazil zilipoteza mamilioni ya miti katika miaka ya 1930 na 1940. Kidukari huyo yupo katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, na mlimau ulipendwa huku kwetu kwa sababu nzuri: juu yake mchungwa huvumilia virusi hivyo, na mizizi yake hutafuta maji kwa nguvu kwenye udongo wa kichanga.

Basi kazi ya kutenganisha mdanzi na mlimau kwenye viriba ni kazi ya kuamua kama shamba litakuwepo baada ya miaka kumi. Kwa bahati njema si ngumu, ikifanywa wakati mche una urefu wa penseli na kabla ya kuhamishwa. Mlimau wa kubebeshea una jani la kijani kilichopauka kidogo, ncha butu, kingo zenye mawimbi ya vimeno vidogo, kikonyo kifupi kisicho na bawa la maana, na machipukizi yenye wekundu hafifu. Mdanzi una jani la kijani kilichokolea, ncha iliyochongoka, bawa linaloonekana kwa umbali wa mkono, na ukilisugua unapata manukato. Simama mwanzo wa safu, tazama vikonyo, ondoa kila mche wenye bawa. Kisha rudi ukiondoa yenye majani yasiyofanana na wenzake kwa umbo au kimo, iwe mikubwa kupita kiasi au iliyodumaa. Hapa nashauri ukali kabisa: mche wa kubebeshea ukitiliwa shaka utolewe. Gharama ya kiriba kimoja ni ndogo mno ukilinganisha na mti unaokufa mwaka ambao ulipaswa kuanza kulipa.

Baadhi ya vitalu duniani vimehamia kwenye mizizi ya chotara za mchungwa wa majani matatu, mti wa China na Korea ambao kila jani lake lina vipande vitatu. Troyer na Carrizo, zilizotokana na chungwa la Washington, ni za namna hiyo. Tabia ya majani matatu hushinda nyingine katika kurithiwa, kwa hiyo mwenye kitalu ana alama ya bure: mche unaotoa majani ya kipande kimoja katikati ya safu ya Carrizo unastahili kutolewa papo hapo. Wanaojaribu mizizi hii kwenye nyanda zetu za juu wangefaidika kuijua alama hiyo kabla ya mengine yote.

Je, maabara haiwezi kumaliza ubishi? Kwa sehemu. Vipimo vya vinasaba hutenganisha vizuri mche wa nusela na mche wa chavua, na hutaja wazazi wa chotara. Lakini kwa machungwa matamu vipimo vya kawaida hukwama. Valencia, Jaffa, chungwa la kitovu na machungwa mekundu ya Mediterania yote yametokana na mti mmoja wa mwanzo, yakatofautiana kwa mabadiliko madogo yaliyotokea tawini, si kwa kuchanganya wazazi. Jaffa lilianza kama tawi lililobadilika kwenye mchungwa wa wenyeji karibu na mji huo katikati ya karne ya 19. Kipimo kikiyaona yote kuwa mti mmoja, jani nalo haliwezi kuyatenga. Mwenye mche wa chungwa uliookotwa aandike kwenye kibao "chungwa tamu, mama hajulikani" na aishie hapo. Kuandika Valencia ili mche uuzike ni kumdanganya mtu atakayesubiri miaka mingi kugundua.

Je, mche wa chavua, usiofanana na mama, utupwe kila mara? Kwa kubebeshea, ndiyo. Kwa tunda, hapana, na hapa natofautiana na washauri wengi. Balungi lenyewe lilianza kama mche usiotarajiwa. Klementina, chenza linalouzwa mno Ulaya, lilionekana kama mche wa bahati Misserghin, Algeria, kwenye bustani aliyoitunza mtawa Clément Rodier, na mwaka 1902 likapewa jina lake. Wazazi wake ni chenza na chungwa tamu. Mbegu za klementina zina kiinitete kimoja, kwa hiyo hakuna mbegu yake itakayomrudia. Kila klementina iliyopo leo imetokana na macho ya kubebesha. Mwenye nafasi pembeni mwa shamba, aliyeokota mche wa furungu au wa chenza chotara, anaweza kuuacha ukue. Ila ajue muda. Ndimu ya mbegu huweza kuzaa ndani ya miaka 3 hadi 5, chungwa huchukua kati ya 6 na 10, na balungi au furungu huweza kuzidi hapo. Kubebesha jicho la mche mchanga juu ya mti mkubwa hakufuti utoto wake, kwa sababu jicho hubeba umri wa mahali lilipotoka. Kinachosaidia ni kutopogoa sana na kuliacha shina kuu lipande, maana maua huanza juu, na ukitaka kubebesha uchukue macho ya ncha za juu kabisa.

Mche wa mbegu una sifa moja ambayo mti wa kubebeshwa hauwezi kuiahidi. Virusi vya tristeza havipiti kwenye mbegu, wala bakteria wa ugonjwa wa ukijani, unaoyafanya majani kuwa na mabaka ya manjano na matunda kubaki madogo yaliyopinda. Mche unaanza safi. Huku kwetu ugonjwa huo kwa miaka mingi ulikaa nyanda za juu, ambako mdudu anayeueneza, Trioza erytreae, anapenda baridi. Mwaka 2016 watafiti waliripoti kuonekana nchini Tanzania kwa mdudu mwingine, Diaphorina citri wa Asia, anayestahimili joto la nyanda za chini, na Kenya pia akaonekana. Kwa hiyo mche uliookotwa bila jina ni salama zaidi kuuingiza kitaluni kuliko kijiti cha kubebesha kilichokatwa kwenye mti usioujua, hata kama mti huo una jina zuri na matunda matamu. Macho yakatwe kwenye miti mama iliyokaguliwa, na miche ya mizizi ikuzwe chini ya chandarua chenye matundu madogo tangu siku inapoota, maana mdudu hutafuta machipukizi machanga, na kitalu chote kimejaa hayo.